Kukarabati au Kubadili Mfumo wa Taarifa wa Hospitali: Mwongozo wa Uamuzi kwa Vituo vya Afya vya Mkoa wa Simiyu

Utangulizi

Katika hospitali nyingi za Tanzania leo, mgonjwa hukutana na kompyuta kabla hajakutana na tabibu. Dirisha la mapokezi humsajili, dirisha la malipo humpatia namba ya kulipia, tabibu huandika maelezo ya ugonjwa na kuagiza vipimo, maabara hurudisha majibu, na mfamasia husoma dawa zilizoandikwa, vyote kupitia mfumo mmoja wa kielektroniki. Mfumo unapofanya kazi vizuri hakuna anayeuzungumzia. Unapokwama, foleni hurefuka, majibu ya vipimo huchelewa, na jibu la kila swali huwa moja: "mtandao unasumbua."

Kero hiyo ikiendelea kwa miezi, huzuka hoja ya kuutupa mfumo uliopo na kununua au kuomba mwingine. Wengine hupinga kwa kutaja fedha zilizokwisha kutumika na muda uliopotea kuwafundisha watumishi. Makala haya yanaeleza namna uamuzi huo unavyoweza kufanywa kwa utaratibu uleule ambao mtabibu hutumia kwa mgonjwa: kuchunguza kwanza, kutambua mahali ugonjwa ulipo, ndipo kuchagua tiba. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Bariadi na mkoa wa Simiyu, pamoja na funzo kutoka mahali pengine ambako uamuzi kama huu umewahi kufanywa.

Mfumo wa taarifa unabeba nini

Tangu miaka ya 1990, vituo vya afya nchini vimekuwa vikitumia vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 huandikwa wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito, namba 12 wanaojifungua. Takwimu za vitabu hivyo hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao nchi nzima inautumia kutoa taarifa za afya. Vitabu hivi vinasema ni watu wangapi waliougua malaria mwezi uliopita. Havisemi mtoto fulani alipewa dawa gani mara ya mwisho, wala kama dawa hiyo ilimdhuru.

Hapo ndipo mfumo wa kielektroniki wa hospitali unapohitajika. Katika vituo vya umma vilivyo chini ya halmashauri, unaofahamika zaidi ni GoT-HoMIS, uliobuniwa chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mfumo wa aina hii hubeba mizigo mitatu kwa pamoja. Wa kwanza ni kumbukumbu ya tiba ya mgonjwa mmoja mmoja. Wa pili ni fedha: malipo ya papo kwa papo, madai ya bima, na misamaha ya makundi kama wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza. Wa tatu ni dawa na vifaa tiba, kuanzia vilipopokelewa hadi vilipotumika.

Mizigo hii mitatu haipimwi kwa mizani moja. Mhasibu anaweza kuuona mfumo kuwa mzuri kwa sababu makusanyo yameongezeka, ilhali muuguzi wa wodini anauona mbovu kwa sababu hauoneshi mzio wa mgonjwa. Mjadala wa kukarabati au kubadili ukiitishwa na upande mmoja tu, jawabu hupindia upande huo.

Mazingira ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Una halmashauri 6: Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497, kutoka 1,584,157 wa sensa ya mwaka 2012. Kwa hiyo katika miaka 10 idadi ya watu imeongezeka kwa takriban theluthi moja. Mfumo uliotosheleza hospitali mwanzoni mwa kipindi hicho unaweza kulemewa leo bila kuwa na kosa lolote la kiufundi.

Jambo la pili ni safari ya rufaa. Mtoto mwenye seli mundu kutoka kijiji cha Meatu anaweza kuanzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bariadi, na hatimaye Bugando jijini Mwanza. Katika kila kituo ataulizwa upya amewahi kuongezewa damu mara ngapi, anatumia kipimo gani cha haidroksiyurea, na wingi wa damu yake huwa kiasi gani akiwa na nafuu. Mama akisahau, au mtoto akiletwa na shangazi, tabibu huanza gizani.

Hapa pana mvutano unaopaswa kueleweka kabla ya kuamua lolote. Matoleo ya awali ya mifumo ya vituo yalifanya kazi kwa seva iliyowekwa ndani ya kituo chenyewe. Faida yake ni kwamba intaneti ikikatika, kazi huendelea mradi umeme upo. Hasara yake ni kwamba taarifa hubaki ndani ya kuta za kituo hicho. Mfumo unaohifadhi taarifa mahali pa kati humwezesha mgonjwa kufuatwa na kumbukumbu zake kutoka zahanati hadi hospitali, lakini laini ya intaneti ikikatika madirisha yote husimama. Anayedai mfumo mpya kwa sababu tu ni wa kisasa aulizwe: laini ya intaneti ya kituo hiki hukatika mara ngapi kwa mwezi, na ikikatika kutakuwa na njia gani mbadala?

Uchunguzi kabla ya tiba

Maneno "mtandao unasumbua" yanafanana na maneno "homa" katika kinywa cha mgonjwa. Ni dalili ya kweli, lakini nyuma yake kuna magonjwa mengi. Kwa mfumo wa hospitali, magonjwa hayo huweza kupangwa katika matabaka 4.

Tabaka la kwanza ni umeme na vifaa: kukatika kwa umeme, betri za akiba zilizokufa, kompyuta chakavu, mashine ya kuchapia isiyo na wino. Tabaka la pili ni mtandao wenyewe: nyaya za ndani ya majengo, swichi zilizojaa vumbi, na laini ya intaneti kwenda nje. Tabaka la tatu ni programu: kurasa zinazofunguka polepole, majibu yanayopotea, ripoti zisizolingana na uhalisia. Tabaka la nne ni watu na utaratibu: watumishi wapya wasiofundishwa, nywila moja inayotumiwa na watu 5, dawa zinazotolewa kwanza na kuingizwa kwenye mfumo jioni.

Kubadili programu hutibu tabaka la tatu peke yake. Kama kiini ni betri za akiba au nyaya, mfumo mpya utakwama mahali palepale, tena mbele ya watumishi wasioujua bado.

Njia nyepesi ya kutambua tabaka ni kuweka daftari la hitilafu kwa wiki 8 katika kila dirisha. Kila tukio liandikwe kwa mambo 5: saa, mahali, kilichoshindikana, muda uliopotea, na kilichorudisha huduma. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Tatizo lililokwisha umeme uliporudi ni la tabaka la kwanza. Lililokwisha baada ya kuchomeka upya waya ni la tabaka la pili. Lililokwisha baada ya mtaalamu wa TEHAMA kurekebisha kumbukumbu ndani ya hifadhi ni la tabaka la tatu. Lililokwisha baada ya mtumishi mzoefu kuonesha mahali pa kubofya ni la tabaka la nne.

Daftari hilo husaidia pia kupima uzito wa kero. Chukulia hospitali inayohudumia wagonjwa 200 kwa siku, kila mmoja akipita madirisha 4. Kila dirisha likipoteza dakika 1 tu kwa kusubiri ukurasa ufunguke, zinapotea dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20 za kusubiri kwa siku moja. Kasoro ndogo inayojirudia kwa kila mgonjwa inaweza kuwa nzito kuliko kasoro kubwa inayotokea mara moja kwa mwezi.

Dalili kwamba ukarabati unatosha

Ukarabati hufaa pale ambapo msingi wa mfumo ni mzima. Msingi ni mzima ikiwa kila mgonjwa ana kumbukumbu moja isiyochanganyika na ya mwingine. Ikiwa taarifa zilizoingizwa jana zinasomeka leo bila kubadilika. Ikiwa wapo wataalamu wanaoujua mfumo kwa ndani na wanaoweza kuurekebisha. Na ikiwa taarifa zote zinaweza kutolewa nje kwa umbo linalosomeka na mfumo mwingine.

Masharti hayo yakitimia, malalamiko mengi huwa ya pembezoni. Fomu ya kuandikia vipimo ina kurasa nyingi mno, ipunguzwe. Orodha ya dawa ina majina ya dawa ambazo hospitali haijawahi kuwa nazo, isafishwe. Madai ya bima hukataliwa kwa sababu utambuzi wa ugonjwa haukuandikwa. Mfumo uzuie fomu kufungwa kabla sehemu hiyo haijajazwa. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji mfumo mpya. Mabadiliko kama haya, yakiorodheshwa kwa uzito na kushughulikiwa moja baada ya lingine, huleta nafuu ambayo mgonjwa ataihisi mapema kuliko mradi mkubwa wa miaka.

Dalili kwamba msingi umeharibika

Zipo kasoro ambazo kuzikarabati ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye ufa. Ya kwanza na ya hatari zaidi ni kuchanganya wagonjwa. Usukumani, watoto mapacha huitwa Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Kwa hiyo hospitali ya Bariadi au Maswa itakuwa na akina Kulwa wengi, na mapacha wenyewe watakuwa na tarehe moja ya kuzaliwa, jina moja la baba na namba moja ya simu ya mama. Mfumo unaomtambua mgonjwa kwa jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu utamwona Kulwa na Doto kuwa mtu mmoja, na majibu ya damu ya mmoja yataingia kwenye faili la mwenziwe.

Kinyume chake nacho hutokea. Majina mengi ya Kisukuma huandikwa kwa ng', na karani mmoja ataweka alama ya ritifaa ilhali mwingine ataiacha. Mfumo usiojua kwamba maandishi hayo mawili ni jina moja utampa mtu mmoja mafaili mawili au matatu, na mzio ulioandikwa katika faili la kwanza hautaonekana katika la pili. Namba ya kitambulisho cha taifa ingesaidia kwa watu wazima, lakini watoto hawana. Ikiwa kasoro hii imo katika kanuni ya utafutaji wa majina, inarekebishika. Ikiwa imo katika jinsi mfumo unavyomtambua mgonjwa tangu mwanzo, kila ukarabati utakuwa wa muda.

Dalili ya pili ni kukosekana kwa mtu anayeweza kuurekebisha mfumo: kampuni iliyoutengeneza imefungwa, au mtaalamu mmoja aliyeujua amehama bila kuacha maandishi. Ya tatu ni kutegemea kompyuta ambazo hazilindwi tena. Windows 7, kwa mfano, iliacha kupokea marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Mfumo usioweza kufanya kazi nje ya kompyuta za aina hiyo unaacha mlango wazi kwa wezi wa taarifa. Ya nne ni kushindwa kuungana na mifumo ambayo hospitali haiwezi kuikwepa, kama ya malipo ya serikali na ya bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaongeza wingi wa madai, na mfumo unaolazimisha kila dai kuandikwa mara mbili hautastahimili.

Ya tano ni muundo usiokubali kukua. Mfano mzuri uko jirani, nchini Kenya. Mwezi Februari 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mfumo wa kielektroniki katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret. Ulijengwa kwa programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access, na kwa kituo kimoja cha kijijini ulifanya kazi njema. Huduma za VVU zilipopanuka na kuleta maelfu ya wagonjwa na fomu mpya, muundo ule ulilemewa. Waandaaji walijenga msingi mpya, OpenMRS, ulioanza mwaka 2004 na ambao sasa unatumika katika nchi nyingi. Tofauti yake kubwa ni kwamba kila swali la kitabibu huhifadhiwa kama neno katika kamusi ya mfumo. Swali jipya likihitajika, huongezwa neno kwenye kamusi, bila kuvunja nyumba nzima. Uamuzi wa kubadili ulikuwa sahihi kwa kuwa ugonjwa ulikuwa katika muundo wenyewe.

Kubadili mfumo ni upasuaji

Hata pale ambapo kubadili ni sahihi, mabadiliko yenyewe yana hatari kwa wagonjwa. Ushahidi unaojulikana zaidi unatoka Pittsburgh, Marekani. Mwaka 2002 hospitali ya watoto ya mji huo ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kuandikia dawa na vipimo, na ikaueneza hospitali nzima kwa siku 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics ulifuatilia watoto 1,942 waliopelekwa hapo kwa rufaa. Kabla ya mfumo, waliofariki walikuwa asilimia 2.80; baada ya mfumo, asilimia 6.57.

Sababu zilizoelezwa zinaeleweka kwa mhudumu yeyote. Awali, madaktari waliweza kuandika dawa za mtoto aliye njiani kabla hajafika. Mfumo mpya haukuruhusu kuandika lolote hadi mtoto asajiliwe. Dawa zilizokuwa karibu na kitanda zilihamishiwa chumba kikuu cha dawa. Wakati wa msongamano mtandao ulizidiwa. Wauguzi na madaktari walitumia mbele ya kompyuta muda ambao awali waliutumia kando ya mgonjwa.

Utafiti wa kulinganisha kabla na baada hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba mfumo ndio uliosababisha vifo hivyo. Hata hivyo, mwaka 2006 jarida hilohilo lilichapisha matokeo ya hospitali ya watoto ya Seattle, iliyoweka programu ileile lakini kwa maandalizi tofauti. Huko vifo havikuongezeka. Programu ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni namna ya kuiingiza katika kazi. Kwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, inayopokea wajawazito wanaovuja damu na watoto wenye malaria kali kutoka vituo vya mbali, funzo hili ni la moja kwa moja: mfumo wowote mpya ujaribiwe kwanza kwa mgonjwa wa dharura ambaye bado hajasajiliwa.

Funzo la pili linatoka kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Mfumo wao wa zamani, VistA, wenye mizizi ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ulipendwa na watabibu lakini ulikuwa mgumu kutunza. Mwaka 2018 ulisainiwa mkataba wa mabilioni ya dola kuubadili, na hospitali ya kwanza, mjini Spokane, ilianza kutumia mfumo mpya Oktoba 2020. Mwaka 2022 wakaguzi waliripoti kwamba zaidi ya maagizo 11,000 ya tiba na vipimo yalikuwa yameingia katika foleni isiyojulikana, bila daktari aliyeyaandika kuarifiwa kuwa hayakufika. Wagonjwa 149 walibainika kupata madhara. Aprili 2023 uenezaji katika hospitali nyingine ulisimamishwa.

Kasoro ya namna hiyo ni mbaya kuliko mfumo kuzimika. Mfumo ukizimika, kila mtu anajua na karatasi hutolewa. Agizo linapopotea kimyakimya, daktari hudhani kipimo kinafanyika, maabara haijui kama kiliombwa, na mgonjwa anasubiri.

Njia ya kati

Uamuzi hauna sura mbili tu. Hospitali inaweza kubadili sehemu moja ya mfumo huku nyingine zikiendelea. Kama daftari la hitilafu linaonesha kwamba kero nyingi ziko maabara, sehemu ya maabara ibadilishwe kwanza na kuunganishwa na mfumo uliopo kwa kutumia viwango vya kimataifa vya kubadilishana taarifa za afya, kama HL7. Baada ya sehemu hiyo kutulia, huendelewa na chumba cha dawa, kisha wodi. Kasoro ikitokea, inaathiri dirisha moja badala ya hospitali nzima.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kituo cha umma hakiamui peke yake. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaweka miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, ili taasisi zisijenge mifumo inayorudia kazi ileile. Kwa hospitali ya halmashauri, njia ya vitendo mara nyingi ni kupeleka orodha ya kasoro yenye ushahidi kwa Timu ya Uendeshaji Huduma za Afya ya Halmashauri, kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kwa waandaaji wa mfumo. Daftari la wiki 8 hapo lina nguvu kuliko barua kumi za malalamiko.

Gharama na kuhamisha taarifa

Bei ya programu ni sehemu ndogo ya gharama. Hesabu ya haki hulinganisha njia mbili kwa miaka 5 na kujumuisha vifaa, intaneti, umeme wa akiba, mafunzo ya watumishi wote pamoja na wale watakaohamia baadaye, kuhamisha taarifa za zamani, matengenezo, na mapato yatakayopungua wakati watumishi wanajifunza. Fedha zilizokwisha kutumika kwenye mfumo wa zamani haziingii katika hesabu hii. Zimeondoka, haziwezi kurudishwa kwa kuendelea na kilicho kibovu.

Kuhamisha taarifa ndiyo hatua inayopuuzwa zaidi. Yapo mambo ambayo hayapaswi kupotea hata kwa mgonjwa mmoja: mzio wa dawa, kundi la damu, dawa za muda mrefu za kisukari, shinikizo la damu, VVU, kifua kikuu na seli mundu, na matokeo ya upasuaji uliopita. Baada ya kuhamisha, mafaili yachaguliwe kwa bahati nasibu na kulinganishwa moja moja kati ya mfumo wa zamani na mpya. Kanuni rahisi ya takwimu inasaidia hapa: mafaili 300 yakikaguliwa na kukutwa bila kosa hata moja, hospitali inaweza kuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba mafaili yenye kosa hayazidi 1 katika kila 100. Kosa likipatikana, kazi ya kuhamisha irudiwe kabla ya kuanza.

Siku ya kuanza nayo ichaguliwe kwa busara. Isiwe mwisho wa mwezi, madai ya bima yanapofungwa. Isiwe wakati malaria inapopanda baada ya mvua. Mfumo wa zamani ubaki ukisomeka kwa angalau mwaka mmoja, hata kama hauandikiwi tena. Na kila idara iwe na fomu za karatasi zilizochapwa tayari, pamoja na mtu aliyetajwa atakayeziingiza kwenye mfumo huduma ikirejea.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Mhudumu wa afya ndiye jicho la kwanza la mfumo. Anapoona jibu la kipimo limeingia faili lisilo lake, hilo ni tukio la usalama wa mgonjwa. Liripotiwe siku hiyohiyo kama linavyoripotiwa kosa la kutoa dawa. Kila mtumishi atumie nywila yake mwenyewe. Nywila ikitumiwa na wengi, haiwezekani kujua nani aliandika dozi isiyo sahihi, na hivyo haiwezekani kujifunza kutokana na kosa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake, hasa katika miezi ambayo hospitali inabadili mfumo. Atunze kadi zake zote: ya kliniki ya wajawazito, ya mtoto, ya huduma za VVU, ya bima. Aje na dawa anazotumia au makopo yake. Ataje majina yake matatu kwa namna ileile kila anapofika, na aeleze mapema kama ana pacha. Akipewa rufaa au ruhusa ya kurudi nyumbani, aombe muhtasari ulioandikwa. Kabla ya kumeza dawa au kuongezewa damu, si utovu wa adabu kumuuliza muuguzi, "Tafadhali, jina lililoandikwa hapo ni langu?" Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kujua zinahifadhiwa kwa madhumuni gani na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa, na haki hiyo haikomi kwa sababu hospitali imehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Hitimisho

Swali la kukarabati au kubadili haliwezi kujibiwa kwa umri wa mfumo wala kwa ukali wa malalamiko. Hujibiwa kwa kujua kasoro iko tabaka gani. Kama iko kwenye umeme, nyaya au mafunzo, mfumo mpya ni dawa isiyo ya ugonjwa huo. Kama iko kwenye kurasa na orodha, ukarabati unatosha. Kama mfumo unachanganya wagonjwa, unapoteza maagizo kimya, au hauna tena anayeweza kuutunza, ubadilishwe, lakini kwa sehemu, kwa majaribio, na kwa kuhakiki mafaili kabla ya siku ya kwanza.

Hospitali yoyote ya Simiyu inayotafakari uamuzi huu inaweza kuanza bila kusubiri bajeti: daftari moja kwa kila dirisha, kalamu, na wiki 8. Mwisho wa wiki hizo, Mganga Mfawidhi na timu yake watakuwa na jambo la kujadili lililo wazi zaidi kuliko "mtandao unasumbua."